Kazi ya fundi instrumenti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimevaa ovaroli ya kazi hii kwa miaka 17: kwanza kiwanda cha sukari, baadaye saruji, sasa gesi. Vijana hunisimamisha getini, wazazi hunipigia simu matokeo ya Kidato cha Nne yakitoka, na maswali ni yaleyale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayowapa. Mengi yanahusu Tanzania kwa sababu ndiko nilikojifunzia, lakini ndugu wa Kenya na Uganda nao wana sehemu yao.

Fundi instrumenti ni fundi wa nini hasa?

Kila kiwanda kina mambo manne ambayo mtu wa zamu lazima ayajue kila dakika: presha, joto, kiwango cha kilichomo kwenye tanki, na kasi ya kinachopita kwenye bomba. Hawezi kuyajua kwa macho. Boila imefungwa, bomba ni la chuma, tanki lina urefu wa nyumba ya ghorofa mbili. Kwa hiyo hufungwa vifaa vya kupimia vinavyopeleka taarifa chumba cha udhibiti, na huko kompyuta huamua valvu gani ifunguke na kwa kiasi gani.

Sisi ndio tunaofunga vifaa hivyo, kuvirekebisha, na kuvitafutia ugonjwa vinapodanganya. Valvu zinazojiendesha ni zetu pia, pamoja na hewa inayozisukuma. Fundi umeme anahakikisha mota inazunguka. Fundi mitambo anahakikisha pampu inasukuma. Fundi instrumenti anahakikisha namba iliyo kwenye skrini ni ya kweli.

Hiyo ndiyo kazi yote, na ndiyo maana naipenda. Kifaa kilichokufa kabisa hakinitishi, kwani kila mtu anaona kimekufa. Kinachonitisha ni kifaa kinachoonyesha 50 kwa utulivu mchana kutwa wakati ukweli ni 20.

Kwenye vyeti utakuta majina marefu kama ufundi wa vifaa vya kupimia na kudhibiti. Kiwandani utasikia tu, "Waiteni watu wa instrumenti."

Siku ya kazi inakuwaje?

Saa moja na nusu asubuhi kuna kikao kifupi cha usalama, dakika kumi, tumesimama. Fundi wa zamu ya usiku anatuachia habari: geji ya kompresa namba mbili inacheza, valvu ya maji ya kupoozea inakwama katikati, tanki la molasi linasoma tupu na hakuna aliyelimwaga. Tunagawana. Kila kazi inaombewa kibali, na kibali kikishasainiwa ndipo spana inatoka kwenye mfuko.

Mchana ni wa ratiba, yaani vifaa ambavyo muda wake wa kukaguliwa umefika. Alasiri ni ya kuandika. Vijana wengi hawaipendi sehemu hii, nami nawaambia mapema: fundi asiyeandika alichokifanya anamwachia mwenzake wa usiku fumbo la kufumbua.

Mambo hubadilika kiwanda kinaposimamishwa kwa matengenezo makubwa, kipindi ambacho wengi wetu tunakiita shatidauni. Viwanda vya sukari Tanzania husimama wakati wa masika, kwa sababu miwa haivuniki kwenye matope. Hapo ni saa 12 kwa siku, wiki kwa wiki, valvu zinashushwa kwa makumi na kupangwa sakafuni kwenye karakana. Kumbuka hilo la masika, nitalirudia.

Kwa nini mafundi wote wanaongelea "nne mpaka ishirini"?

Kwa sababu ndiyo lugha ya kazi. Transmita ni kifaa kinachogeuza presha, joto au kiwango kuwa mkondo mdogo wa umeme unaosafiri kwenye nyaya mbili mpaka chumba cha udhibiti, kwa kawaida kwa volti 24. Tanki likiwa tupu inapeleka miliampia 4, likijaa 20, likiwa nusu 12. Zamani viwanda vilitumia hewa badala ya umeme, psi 3 mpaka 15, na hadi leo utaikuta hewa hiyo ikiendesha valvu.

Kijana mwenye akili huuliza: kwa nini isiwe 0 mpaka 20? Fikiria panya amekata waya. Kama tupu ingekuwa 0, opereta angeona tanki tupu, angewasha pampu na kulijaza mpaka limwagike. Kwa kuanzia 4, sifuri inabaki na maana moja: kuna kitu kimekatika. Halafu hiyo 4 ndiyo inayoilisha transmita yenyewe, hivyo nyaya mbili zilezile zinaleta umeme na kurudisha taarifa. Mara ya kwanza nilipoelezwa hivi nilinyamaza kidogo. Niliona kwamba aliyebuni mpango huu alimfikiria fundi atakayekuwa gizani saa nane za usiku.

Tufanye kazi moja pamoja. Tanki la maji lina kimo cha meta 8. Skrini inaonyesha meta 5.5 na opereta haamini. Unamwomba aweke udhibiti kwenye mkono, yaani valvu aiendeshe mwenyewe na si kompyuta, unafungua mfuniko wa transmita, unatoa waya mmoja na kuweka multimita, kipimia umeme cha mkononi, katikati yake. Inasoma 12.8. Toa 4, zinabaki 8.8. Gawa kwa 16, maana kutoka 4 hadi 20 kuna hatua 16, unapata 0.55. Zidisha kwa 8: meta 4.4. Transmita inasema 4.4, skrini inasema 5.5. Basi usihangaike kuifungua transmita. Nenda chumba cha udhibiti ukaangalie upeo ulioandikwa kwenye kompyuta; utakuta mtu aliandika meta 10 badala ya 8, kwa sababu 0.55 mara 10 ni 5.5 kamili. Umemaliza kazi kwa hesabu ya darasa la saba na hujachafua mikono.

Kwa hiyo hesabu si ngumu? Mimi hesabu nilipata D.

D inatosha kama uko tayari kuirudia hesabu upya, safari hii ukiwa na sababu. Utatumia uwiano, asilimia, kubadili vipimo (bar 1 ni kilopaskali 100, au psi 14.5) na sheria ya Ohm. Utahitaji pia kipeuo cha pili, kwa sababu mita nyingi za mtiririko hupima tofauti ya presha mbele na nyuma ya bamba lenye tundu, na mtiririko huenda na kipeuo cha pili cha tofauti hiyo. Mtiririko ukiwa nusu, tofauti ya presha ni robo tu. Fundi asiyejua hilo akiona miliampia 8 atasema mtambo unapitisha robo, kumbe unapitisha nusu.

Fizikia ni muhimu kuliko hesabu. Ukielewa kwa nini maji yenye kina cha meta 10 yanatoa presha ya karibu bar 1 chini, umeshaelewa nusu ya vipima kiwango vyote.

Nimemaliza Kidato cha Nne Tanzania. Nisome wapi?

Kuna milango miwili. Wa kwanza ni ufundi stadi chini ya VETA, unaotoa tuzo za ngazi ya I, II na III. Masomo ya muda mrefu huanza Januari, hivyo fomu zitafute miezi kadhaa kabla. Usikate tamaa ukikosa kozi yenye neno instrumenti kwenye chuo cha karibu. Chukua umeme wa viwandani au elektroniki. Mafundi wengi ninaowaheshimu waliingilia huko. VETA Moshi kuna programu ya ufundi wa migodini iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa ushirikiano na kampuni za madini, ambapo mwanafunzi hukaa chuoni na pia mgodini. Kijana wa Kanda ya Ziwa mwenye ndoto ya Geita au North Mara ajue njia hiyo ipo.

Mlango wa pili ni stashahada ya miaka mitatu kwenye vyuo vya ufundi vilivyo chini ya NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi: Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo cha Ufundi Arusha, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Kiwango cha chini cha jumla ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na kwa fani hizi hisabati na fizikia ndiyo masomo yanayoangaliwa kwanza. Soma mtaala kabla ya kulipa ada. Ukiona vipimo, udhibiti, elektroniki na PLC (kompyuta ya kuendesha mitambo), uko pazuri. Ukiona umeme wa majumba na nguzo peke yake, huo ni ufundi mzuri wa kazi nyingine.

Ushauri wangu wa wazi: kama unapenda kushika vitu, anza VETA, fanya kazi miaka miwili mitatu, kisha rudi stashahada. Wanaokuja na stashahada pekee, bila kuwahi kukaza nati, hupata shida mwaka wa kwanza. Wanajua jina la kila kitu na hawajui kinafunguliwa kwa spana namba ngapi.

Na Kenya? Uganda?

Kenya njia iko wazi zaidi kwa jina. Stashahada ya uhandisi wa umeme na elektroniki imekuwa na chaguo la instrumenti, sambamba na lile la umeme wa nguvu na la mawasiliano. Wastani wa C- kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, hukuingiza stashahada, D huingiza cheti. NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, nao wana majaribio ya ufundi ya daraja la III, II na I, na mwajiri wa kiwandani huyatambua. Mombasa, ambako kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilifanya kazi tangu 1963 hadi kiliposimamisha usafishaji 2013, bado utakuta wazee waliojifunzia pale. Ukipata mmoja wa kukufundisha, mshike. Olkaria kwenye umeme wa mvuke wa ardhini nako kuna kazi nyingi ya fani hii, kwani kila kisima kina presha, joto na mtiririko wa kupimwa.

Uganda kuna Taasisi ya Petroli ya Kigumba, iliyoanzishwa kwa ajili ya mafuta ya Ziwa Albert.

Nina cheti cha umeme wa majumbani. Nianzie wapi?

Una mtaji mkubwa: huogopi waya na unajua usalama. Ongeza mambo matatu. Umeme wa mkondo mnyoofu wa volti ndogo. Mabomba madogo ya chuma cha pua, kuyakunja na kuyafunga yasivuje. Na hewa iliyoshindiliwa, jinsi inavyosafishwa na kusukuma valvu. Haya unaweza kuyaanza ukiwa msaidizi wa fundi, hata kwenye kiwanda kidogo cha maji ya chupa au cha maziwa.

Nimefanya kazi hii miaka sita bila cheti. Nimekwama?

Hapana. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: unapimwa unachokijua, unaonyeshwa mapungufu, kisha unapewa cheti. Kenya nao wana utambuzi wa aina hiyo, na jaribio la NITA liko wazi kwa aliyejifunzia kazini. Nenda na ushahidi: barua za waajiri, picha za kazi ulizofanya, daftari lako. Ndugu zangu mnaofanya kazi kwa mkataba wa siku, naomba mlichukulie hili kwa uzito. Nimeona fundi bora kabisa akikatwa kwenye orodha ya ajira ya kudumu kwa kukosa karatasi moja, na aliyechukua nafasi yake alikuwa mwanafunzi wake.

Nafasi ya mafunzo kwa vitendo naipataje?

Peleka barua mwenyewe, kwa mkono, miezi minne kabla. Usiiache kwa mlinzi tu. Omba jina la msimamizi wa matengenezo na uandike jina hilo juu ya barua. Usiende viwanda vikubwa peke yake. Mamlaka za maji zina pampu, klorini na mita za mtiririko. Viwanda vya bia, soda, saruji na mafuta ya kula vyote vina watu wa instrumenti.

Na sasa lile la masika. Viwanda vya sukari vikisimama, kazi inazidi mikono iliyopo, na hapo vibarua na wanafunzi huchukuliwa kwa wingi. Kwenye kushusha na kusafisha valvu 80 utajifunza kuliko muhula mzima chuoni, kwa kuwa zote zimefunguka na unaona ndani. Mimi niliingilia mlango huo huo, nikiwa kibarua wa kuosha pozishona, vifaa vinavyoiambia valvu ifunguke kiasi gani, kwa brashi na mafuta ya taa.

Ukishaingia, beba daftari dogo la mfukoni. Andika namba ya kila kifaa ulichogusa, kilikuwa na tatizo gani, na kilipona kwa nini. Usiandike nadharia.

Kalibresheni ni nini, na inahusiana vipi na Wakala wa Vipimo?

Kalibresheni, au ugezi kama wanavyouita TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ni kukilinganisha kifaa chako na kingine kinachojulikana kuwa sahihi zaidi. Unaisukuma transmita kwa presha ya asilimia 0, 25, 50, 75 na 100, kisha unarudi chini, na kila hatua unaandika ilichotoa. Inatakiwa itoe 4, 8, 12, 16 na 20. Ikitoa 12.06 kwenye 50, kosa ni 0.06 kwa 16, karibu asilimia 0.4. Kama kiwanda kinaruhusu nusu asilimia, iache. Kama kinaruhusu robo, irekebishe.

Kanuni moja nawashikilia vijana wangu: andika ulichokikuta kabla hujarekebisha. Ukirekebisha kwanza umefuta ushahidi. Kama kifaa kilikuwa kinadanganya tangu mwezi uliopita, wakubwa wa uzalishaji wana haki ya kujua ni mzigo gani ulipita kwa kipimo kibovu.

Wakala wa Vipimo wanashughulikia vipimo vya biashara: mizani ya sokoni, pampu za vituo vya mafuta, magari ya kubeba mafuta. Pale ambapo kipimo kinageuka kuwa bei, sheria inaingia. Vifaa vyetu vingi ni vya ndani ya kiwanda, lakini mita inayouza gesi kwa mteja ni ya biashara, na kuigusa bila utaratibu kunaweza kukuingiza matatani.

Ninunue vifaa gani?

Multimita nzuri kwanza, inayosoma miliampia kwa tarakimu mbili baada ya nukta na yenye kiwango cha usalama cha CAT III kilichoandikwa kwenye mwili wake. Bisibisi ndogo bapa, zile za kuingia kwenye maungio. Koleo la kumenyea waya, spana mbili za kurekebika, tepu nyeupe ya bomba, tochi ya kichwani. Vifaa vya bei mbaya, kama kisukuma presha au mashine ya kuongea na transmita, ni vya mwajiri.

Na tafadhali: ukimaliza kupima miliampia, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti palepale kabla hujaweka multimita chini. Ukiusahau kwenye tundu la mkondo na kesho ukagusa nao volti 230, umeunganisha umeme moja kwa moja kupitia multimita iliyo mkononi mwako. Fyuzi ikiwa nzuri itakatika. Ikiwa mtu aliibadilisha kwa kipande cha waya, sitaki kuieleza zaidi.

Kuna hatari gani?

Hatari za mwili wako zipo: kimo, mvuke, kemikali. Kwenye mitambo ya maji kuna klorini. Olkaria na kwenye visima vya mafuta kuna gesi ya salfa yenye harufu ya yai viza. Ni nzito kuliko hewa, hukaa mashimoni, na ikizidi pua huacha kuisikia, mtu akadhani imekwisha. Kwa hiyo kipima gesi hukaa kifuani, na kibali, pamoja na kufuli na lebo za kuzuia mtambo usiwashwe, havirukwi hata kama ni kazi ya dakika mbili. Kwenye maeneo ya gesi hata mfuniko wa transmita una sheria zake: boliti moja ikikosekana, nyumba ya kifaa haiwezi tena kuzuia cheche isitoke nje.

Lakini kazi yetu ina hatari nyingine, ya kuwaumiza wengine kwa namba. Mwaka wangu wa tatu, katika kiwanda kimoja cha sukari, nilikalibreti transmita ya kiwango cha maji kwenye dramu ya boila, tangi la maji na mvuke. Kipimo hicho hulinganisha maji ya ndani na bomba la pembeni linalokaa limejaa daima. Katikati kuna valvu ndogo ya kusawazisha pande mbili, unayoifungua wakati wa kazi na kuifunga ukimaliza. Niliifunga. Sikujua kwamba chembe ya kutu ilibaki kwenye kikalio chake. Maji ya bomba la pembeni yakawa yanapenya taratibu kwenda upande wa pili, tofauti ikapungua, na transmita ikaanza kusoma kiwango cha juu kuliko ukweli. Skrini ilisema 55. Kompyuta ikaona maji yanatosha na ikaendelea kubana valvu ya kuyaingiza.

Kilichotuokoa ni mazoea ya mzee wa boila. Kila saa alikuwa anatembea na tochi hadi kwenye kioo cha maji, hata kama skrini iko shwari. Akakuta maji yako karibu na alama ya chini, akapiga kelele waingize maji kwa mkono. Boila ikikaukiwa maji mirija huungua, na ikipasuka haichagui nani amesimama karibu.

Fundi mkuu wangu hakunigombeza. Aliniuliza kitu kimoja: "Kioo ulikiuliza?" Sikukiuliza. Nilisaini kibali kwa kuangalia namba ya transmita ileile niliyotoka kuigusa. Tangu siku hiyo sisaini mpaka nimelinganisha na kitu cha pili: kioo, geji ya sindano, fimbo ya kupimia tanki, chochote ambacho sikukishika mimi.

Je, ninahitaji leseni?

Ukiwa mwajiriwa ndani ya kiwanda, unafanya kazi chini ya msimamizi na taratibu za kiwanda. Ukitaka kujitegemea na kuchukua kazi za ufungaji wa umeme, leseni hutolewa na mamlaka ya nishati: Tanzania ni EWURA, kwa madaraja, na Kenya ni EPRA. Kwa mafuta na gesi, waajiri wa kimataifa hupenda cheti cha CompEx cha kufanya kazi kwenye maeneo yenye hatari ya mlipuko. Ni ghali, usikilipie mwenyewe kabla hujapata uzoefu wa kukitumia.

Mshahara ukoje?

Migodi na gesi hulipa zaidi ya viwanda vya chakula, na zamu hulipa zaidi ya mchana. Ila usiangalie mshahara wa msingi peke yake. Uliza saa za ziada zinahesabiwaje, posho ya usiku, na kama utalipwa ukiitwa kutoka nyumbani usiku wa Jumapili, kwa sababu utaitwa. Kwa kazi za wakala, uliza nani anapeleka michango yako NSSF, na nani anawajibika ukiumia. Nimewaona vijana wakifanya kazi miaka minne na kukuta akaunti yao ya michango haina kitu. Angalia salio lako kila baada ya miezi mitatu.

Kompyuta na PLC hazitamaliza kazi hii?

PLC haioni. Inasoma kile ambacho sensa imeiambia. Viwanda vikizidi kuwa vya kisasa, sensa zinaongezeka, na kila sensa inalowa, inaziba, inapigwa na radi au inaliwa na kutu ya bahari pale Mtwara na Tanga. Jifunze PLC, itakupandisha cheo, lakini baada ya kuimudu transmita.

Bomba la mafuta la Hoima hadi Tanga litatuajiri?

Wengine, ndiyo. Ni kilomita 1,443 kutoka Kabaale hadi Chongoleani, na mafuta ya kule yana nta, yakipoa yanaganda, hivyo bomba lote linapashwa joto njia nzima. Pima maana yake kwa fundi wa joto. Wengi wetu tunatumia sensa inayoitwa Pt100, yenye omu 100 kwenye nyuzi 0 na omu 119.4 kwenye nyuzi 50. Bomba linalotakiwa kubaki kwenye nyuzi 50 linaishi kwa sensa. Hata hivyo, ajira za ujenzi huwa nyingi na za uendeshaji huwa chache. Usikae nyumbani ukilisubiri. Nenda kiwandani upate miaka mitatu ya mkono, kisha omba ukiwa na kitu cha kuonyesha.

Naweza kwenda Oman au Qatar?

Unaweza, ukiwa na uzoefu wa miaka mitano hivi, vyeti, na Kiingereza cha kusoma michoro. Tumia wakala aliyesajiliwa: Tanzania waulize TaESA, huduma ya ajira ya serikali, Kenya Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Anayedai hela ya "kushika nafasi" kabla ya mkataba, achana naye. Soma mkataba kwa makini, cheo kiwe fundi instrumenti. Wapo walioandikiwa wasaidizi na wakalipwa hivyo hivyo.

Je, kazi inamfaa mwanamke?

Inamfaa. Mzigo mzito unabebwa na kreni. Kinachotakiwa ni mkono mtulivu na macho yasiyoridhika haraka.

Kwenye usaili wanauliza nini?

Swali la karibu kila mahali: utaitoaje transmita ya tofauti ya presha kwenye mtambo unaoendelea kufanya kazi? Wengi huanza na valvu: funga upande mmoja, fungua ya kusawazisha, funga upande wa pili. Mpangilio ni sahihi, lakini umeshachelewa. Jambo la kwanza ni kumpigia opereta aweke udhibiti kwenye mkono. Usipofanya hivyo, kompyuta itaifuata namba unayoichezea na kuvuruga mtambo mzima.

Halafu kuna jaribio la mikono. Mara ya mwisho nilipokaa upande wa wasaili tuliweka transmita ya presha mezani, tukalegeza waya mmoja ndani, na kuwapa wagombea sita dakika 20 kila mmoja. Watano waliupata waya, wakaukaza, wakaona 12.0 na kusema, "Tayari." Wa sita, binti aliyetoka VETA na kufanya kazi misimu miwili kwenye kiwanda cha sukari, aliupata waya kama wenzake, akakaza, akasoma 12.0, akafunga mfuniko na kuupapasa ukingoni kuhakikisha raba imekaa. Kisha akageuka na kutuuliza, "Kuna geji ya sindano hapa karibu nilinganishe?"

Alianza kazi Jumatatu iliyofuata.